Pale Nyuma ya Madarasa: Historia Fupi ya Mahali pa Kuchezea Watoto

Ndugu Mhariri ameniomba niandike juu ya historia, kwa kuwa ndilo somo nililofundisha kwa miaka mingi, akaniachia hiari ya kuchagua habari. Nimechagua habari isiyo ya wafalme wala ya vita. Ni habari ya kipande cha ardhi kisichofika nusu ekari, kilichopo nyuma ya madarasa ya shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara, mkabala na lango letu. Ninyi wadogo zetu mlioko madarasani mnakiona kila mnapokwenda dukani. Wazee wenzangu wengi walikichezea kabla hawajajua kuwa duniani kuna Kidato cha Kwanza.

Katika mkutano mkuu uliopita lilitolewa pendekezo kwamba chama chetu kichange fedha ili uwanja wote wa shule ile, mbele na nyuma, utandazwe vitofali vya saruji, na miembe miwili iliyobaki ikatwe ili mizizi yake isije ikavinyanyua. Pendekezo lina nia njema na waliolitoa ni watu ninaowaheshimu. Halikupigiwa kura, liliahirishwa hadi mkutano wa mwaka huu. Basi kabla hatujanyoosha mikono, nataka tujue hicho tunachotaka kukifunika kimetoka wapi, na wenzetu wa nchi nyingine waliokwisha kufunika vyao walifanya nini baadaye.

Nilianza darasa la kwanza katika shule ile mwaka 1965. Uwanja wa mbele ulikuwa wa gwaride na wimbo wa taifa, ukifagiliwa kila alfajiri kwa fagio za chelewa mpaka ukawa na mistari kama kichwa kilichosukwa. Upande wa kushoto palikuwa na shamba la shule. Mambo hayo mawili, kufagia na kulima, yana historia ndefu iliyoandikwa. Tume ya Phelps-Stokes ilipopita Afrika Mashariki mwaka 1924 ilishauri kwamba elimu ya Mwafrika ifungamane na kilimo na maisha ya kijijini, na tangu hapo bustani ya shule ikawa sehemu ya sera ya serikali ya kikoloni. Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, shamba lilipewa maana mpya: shule iwe jumuiya inayozalisha na kujilisha, si mahali pa kumtenga mtoto na wazazi wake wakulima. Makusudi yalikuwa ya heshima kabisa. Lakini wote tuliosoma miaka ile tunajua mahali pengi yalivyotekelezwa: aliyechelewa alipewa jembe, aliyepiga kelele alipewa fyekeo, na mtoto akajifunza kwamba udongo na majani ni viboko vya namna nyingine.

Mchezo haukuwa na mahali pake katika ramani. Ulipata mahali kwa sababu eneo lilibaki. Nyuma ya madarasa, kuelekea korongoni, palikuwa na kichuguu kirefu kuliko mwalimu mkuu, miembe sita, mkwaju mmoja, vichaka vya mikwamba, na udongo mwekundu usiofagiliwa na mtu. Hapakupangwa na yeyote. Hata hivyo, nikikaa leo na kuhesabu michezo yote tuliyoijua, naona karibu yote ilikuwa ya pale. Kombolela huhitaji vichaka vya kujificha. Gololi huhitaji vishimo. Bao tulilichimba ardhini tukalicheza kwa kete za kokoto. Wasichana walikuwa na mdako, ambao kwa faida ya vijana wa sasa nitaueleza: unachimba kishimo kidogo, unakijaza kokoto, unarusha jiwe moja juu na kabla halijarudi mkononi unazitoa kokoto, kisha unazirudisha ukibakiza idadi inayotakiwa. Mdako bila kishimo haupo. Udongo wa kichuguu tuliufinyanga ng'ombe, malori na vyungu. Watoto wa darasa la kwanza walicheza kibaba na kimama chini ya mkwaju, na nyumba zao za majani zilikuwa na vyumba, uwanja na hata kesi za ugoni ambazo sitazisimulia hapa.

Hali hiyo haikuwa ya shule yetu peke yake. Nimefundisha katika shule tano kwa miaka arobaini, za msingi kwanza na baadaye za sekondari, na kila penye shule kongwe ya msingi nilikuta au kusimuliwa juu ya mahali kama pale. Yalikuwa masazo ya ramani. Ndiyo maana yalipotoweka hakuna aliyeandika barua.

Yalitoweka kwa sababu njema. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba watoto wote wenye umri wa kusoma wawe shuleni ifikapo mwaka 1977, na madarasa yakajengwa kwa nguvu za wananchi, matofali ya udongo yakichomwa papo hapo. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa matofali kuliko wowote, kwa hiyo kichuguu chetu kimo ndani ya kuta za darasa la nne hadi hivi leo. Ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi mwaka 2002, ada ikiwa imefutwa, madarasa yakaongezeka tena. Kuanzia Januari 2016 serikali ilipoondoa michango, wanafunzi walimiminika mara ya tatu. Kila awamu ilihitaji vyumba, vyoo na nyumba za walimu, na kila awamu ilimega palepale, kwa kuwa uwanja wa gwaride haugusiki na shamba lina wenyewe. Hapana mtu mwenye akili atakayelaumu darasa kujengwa. Ninachosema ni kwamba mahali pa mchezo palipotea bila kuamuliwa, kama vile palivyopatikana bila kuamuliwa, na kilichobaki ni hicho kipande kisichofika nusu ekari.

Sasa twende nje ya nchi, maana jambo hili wenzetu wamelipitia, na baadhi yao walilifikiri mapema sana.

Friedrich Fröbel alizaliwa Thuringia, Ujerumani, mwaka 1782. Mama yake alifariki angali mchanga, na ujanani aliwekwa kwa bwana misitu ajifunze kazi. Mwaka 1837 alifungua shule ya watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg, na mwaka 1840 akaipa jina lililoenea dunia nzima, Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Wengi hudhani jina hilo ni mfano tu wa maneno, kwamba mtoto ni ua na mwalimu ni mtunza bustani. Naam, lilikuwa mfano, lakini bustani yenyewe pia ilikuwapo: kila mtoto alikuwa na kitalu chake kidogo na palikuwa na vitalu vya wote kwa pamoja. Tofauti na fyekeo letu ni kwamba kitalu kile hakikuwa adhabu wala cha kulisha jiko la shule. Mtoto alipanda, akachimbua aone mbegu imefikia wapi, akaua mche wake kwa kuumwagilia mno, akapanda tena. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule hizo mwaka 1851 ikizishuku kwa siasa na kwa ukanaji Mungu, Fröbel akafa mwaka uliofuata, na marufuku haikuondolewa hadi 1860. Sisi tulirithi jina la chekechea na viti vidogo. Vitalu havikuja.

Mtu wa pili ni C. Th. Sørensen, msanifu wa bustani wa Denmark. Alikuwa amekwisha kubuni viwanja vya kuchezea vilivyo nadhifu, kisha akaona kwa macho yake kwamba watoto wanaviacha wakaenda kucheza penye majengo yasiyokwisha na mabaki ya mbao. Mtu mwenye kiburi angewalaumu watoto. Yeye mwaka 1931 aliandika kwamba inafaa wapewe uwanja wa makorokoro hasa, na mwaka 1943, nchi yake ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani, uwanja kama huo ukafunguliwa Emdrup, pembezoni mwa Copenhagen. Ndani hapakuwa na bembea. Palikuwa na udongo, mbao, mawe, majembe na mtu mzima mmoja, John Bertelsen, wa kuangalia tu. Bi Marjory Allen wa Uingereza aliutembelea baada ya vita, akarudi kwao akaandika juu yake katika jarida la Picture Post mwaka 1946, na viwanja vya namna hiyo vikaanza kuchipuka penye magofu ya London yaliyopigwa mabomu. Hivyo havikuwa viwanja vya shule, nakiri, lakini fikra ni ile ile iliyoingia shuleni baadaye.

Na ilipoingia shuleni, mfano nitakaoushikilia ni wa Berkeley, California, kwa sababu unatuhusu moja kwa moja. Shule ya msingi ya Washington katika mji ule ilikuwa na uwanja wa ekari 1.5, wote umefunikwa lami. Si uwanja wa shule maskini. Ulikuwa safi, hauna tope, hauna nyoka, na unafagilika kwa dakika chache. Kwa maneno mengine, ulikuwa ndoto yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwalimu mkuu, Dkt. Herbert Wong, mtaalamu wa wanyama ambaye pia alikuwa mtangazaji mashuhuri wa muziki wa jazi, alishirikiana na msanifu wa mandhari aitwaye Robin Moore, na pamoja na watoto, wazazi na walimu wakaanza kuibomoa lami hiyo. Karibu nusu ekari iligeuzwa kuwa miti, majani marefu, vidimbwi na kijito. Sehemu nyingine ikaachwa ngumu kwa ajili ya mpira na mikusanyiko. Kazi ilichukua miaka, si wiki moja ya kujitolea, na watoto wenyewe ndio waliopima, waliochora na waliopanda.

Jambo lililonivutia zaidi ni hili. Moore aliangalia kwa miaka mingi namna watoto walivyotumia sehemu zote. Penye lami watoto walitawaliwa na mchezo mmoja au miwili, wenye nguvu katikati na wengine wote ukutani, na ugomvi ulikuwa mwingi. Penye miti na maji watoto walijigawa katika vikundi vidogo vidogo, wavulana na wasichana wakichanganyika, na yule asiyejua mpira akapata pa kuwa mtu. Wong na Moore waliyaandika hayo katika kitabu chao cha mwaka 1997. Mwalimu yeyote aliyesimama zamu wakati wa mapumziko hahitaji kwenda California kuyaamini. Nenda pale ng'ambo ya barabara saa nne na nusu asubuhi. Uwanjani mbele wanacheza watoto thelathini, na mia kadhaa wameegemea kuta.

Paris ni habari mpya zaidi. Tangu mwaka 2018 mji ule umekuwa ukiondoa lami katika viwanja vya shule na kupanda miti, katika mpango uitwao Oasis, na shule zilizokwisha kubadilishwa zimepita 100. Sababu yao kubwa ni joto: lami na zege hunywa jua mchana kutwa na kulitema jioni. Kama Paris, mji ambao una theluji, unalikimbia joto la uwanja, sisi tunaoukaribia Ikweta tunalikaribisha kwa gharama zetu wenyewe? Na huko Finland, mwaka 2020, watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika vituo vya watoto wa miaka 3 hadi 5. Viwanja vilivyokuwa vya kokoto viliwekwa zulia la udongo wa msitu na mimea. Baada ya siku 28 tu, vijidudu vya aina nyingi zaidi, visivyo na madhara, vilionekana katika ngozi za watoto, na damu yao ikaonyesha dalili za kinga inayojitawala vizuri zaidi. Walikuwa watoto 75 kwa jumla, idadi ndogo, kwa hiyo nisiupandishe ushahidi huo juu kuliko kimo chake.

Naijua hoja ya upande wa pili na siidharau. Nitaanza na iliyo nzito kuliko zote, ambayo ni tope. Mama anayefua shati jeupe kila jioni kwa kipande cha sabuni ana haki ya kuuliza nani alimwambia mwanawe achimbe vishimo. Jibu langu ni kwamba vitofali viwekwe: penye njia ya kutoka lango hadi madarasani, kuzunguka kisima, mbele ya vyoo na penye paredi. Hapo ndipo tope linapoingia darasani. Lakini penye mwinuko nyuma, vitofali vitafanya jambo jingine. Maji ya masika yanayonyweka pale sasa yatateremka kwa kasi hadi korongoni, na korongo hilo limekwisha kula nyumba moja ya mwalimu.

Nyoka ni hoja ya kweli, na dawa yake ni kufyeka majani yaliyo karibu na madarasa, kutorundika matofali mabovu na takataka, na kuacha nafasi wazi kati ya vichaka ili mtoto aone anapokanyaga. Mbu hutaga penye maji yaliyosimama, kwa hiyo vidimbwi vya Berkeley tuwaachie Berkeley wenyewe. Funza hupenda vumbi kavu, na wazee wenzangu mnakumbuka walikuwa wakitupata darasani, kwenye sakafu ya udongo, si chini ya mkwaju. Sakafu za madarasa yale sasa ni za saruji. Minyoo ya safura haizaliwi na udongo wenyewe bali na kinyesi kilichoachwa juu yake, na dawa yake ni choo kinachotumika na viatu miguuni. Tukitaka kuwakinga watoto na safura, fedha za vitofali vya nyuma zingejenga matundu manne ya vyoo.

Hatari ambayo sijaisikia ikitajwa hata mara moja imesimama wazi upande wa kusini. Ni ua wa minyaa, ambayo wengine huiita manyara. Utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kumwondolea mtoto uwezo wa kuona kwa siku kadhaa au kumwachia kovu. Huo ndio wa kung'olewa, miembe iachwe. Kadhalika mibarika iliyojiotea nyuma ya jiko, kwa sababu mbegu zake ni sumu na zinapendeza machoni kama shanga.

Kama chama kitakubali, mahali pale hapahitaji mengi. Miembe miwili ibaki, kwani matawi yake ni ya kupandika. Ipandwe mikwaju miwili ambayo itakua polepole, lakini haivunjiki ovyo, na watakaokaa chini yake ni wajukuu wetu. Mzambarau usipandwe karibu, kwa kuwa tawi lake humtegemeza mtoto mpaka dakika ya mwisho, kisha humwangusha. Magogo matano au sita yaliyochongwa ncha, yalazwe yazoee ardhi. Lori moja la mchanga na jingine la udongo wa kichuguu kutoka bondeni. Mawe makubwa ya mtoni ya kukalia. Kona moja ya vitalu, kila darasa na chake, na hapa naomba kwa msisitizo iandikwe katika kumbukumbu za mkutano kwamba mtoto hatapelekwa huko kwa adhabu. Gharama yake, kwa makadirio niliyofanya na fundi anayejenga jirani, haifiki robo ya vitofali vya uwanja wote.

Kugumu ni kumwagilia. Miche ikipandwa mwanzo wa mvua za masika itapata nguvu, lakini miezi ya Julai hadi Oktoba ndiyo iliyoua kila mti uliopandwa pale katika sherehe za upandaji miti tangu nilipokuwa mwanafunzi. Kiongozi hupiga picha na mche, kisha mbuzi hufuata. Mwalimu mkuu wa sasa amekubali miche iwekewe miiba, na amesema watoto watakuja na maji ya kunawia yaliyotumika. Wakati wa likizo ya Juni shule hufungwa na hakuna mtoto. Hapo ndipo ninyi wa bweni la kilimani mnaobaki kwa masomo ya ziada mnapotakiwa: ndoo nane kila jioni, watu wanne, robo saa. Kiranja mkuu nimekwisha kuzungumza naye, naye ameniomba nimletee ndoo.